Kampala: Habari mbaya haipandi ngazi

KAMPALA: Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka na kufukia nyumba, mifugo na watu. Idadi ya waliothibitishwa kufa ilifikia 35.

Magazeti mengi yaliliandika tukio hilo kama janga la mazingira, na ni kweli lilikuwa hivyo. Lakini Kiteezi palikuwa pia mahali pa kazi. Palikuwa na madereva wa malori, waendesha matingatinga, makarani wa lango na watu wengi wanaoishi kwa kuchambua plastiki na vyuma chakavu na kuviuza kwa kilo. Watu hao walipanda mlima ule kila siku, na hakuna mhandisi aliyeufahamu kuliko wao.

Jaa lilifunguliwa mwaka 1996 katika eneo la Kasangati, wilayani Wakiso, kaskazini mwa jiji. Lilijaa miaka mingi kabla ya mkasa, na jambo hilo halikuwa siri. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, yenyewe ilikuwa imekwisha kununua ardhi nyingine huko Ddundu, Mukono, kwa kuwa ilijua Kiteezi pamekwisha. Hata hivyo malori yaliendelea kupanda.

Baada ya maafa Rais Museveni aliuliza ni nani aliyewaruhusu watu kuishi karibu na lundo la hatari kama lile. Mwezi Septemba, kufuatia ripoti ya Inspekta Jenerali wa Serikali, aliwaachisha kazi mkurugenzi mtendaji wa KCCA, Bi. Dorothy Kisaka, pamoja na wakuu wenzake wawili. Oktoba wakafikishwa mahakamani. Ya mahakama tuiachie mahakama. Swali la ukurasa huu wa biashara ni jingine: ikiwa kila mtu alijua, kwa nini hapakupatikana hata mmoja wa kulizuia lori moja lisipande?

Kibarua hujua kwanza

Kampala ina historia ndefu ya aina hii. Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe, iliwaangukia mafundi na kuua watu 11. Oktoba 2008 ukingo wa udongo ulibomoka katika shimo la msingi la jengo la Pension Towers la mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, katikati ya mji, na vibarua kadhaa wakafukiwa. Septemba 2022 jengo lililokuwa likijengwa Kisenyi liliporomoka na kuua tena. Nimetaja matatu tu, na mkazi yeyote wa mji huu anaweza kuongeza ya kwake.

Jengo mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kuanguka. Miti inayoshikilia zege hupinda. Udongo wa ukingoni hudondoka kidogo kidogo usiku wa mvua, na nguzo hupata ufa unaoongezeka upana tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Anayeona mambo hayo si mwenye jengo, ambaye huja mara moja kwa wiki na gari lake, wala si mhandisi, ambaye katika maeneo mengi huonekana zaidi kwenye karatasi za kibali kuliko kwenye vumbi. Anayeona ni yule anayechanganya mchanga na saruji, ambaye Waganda humwita mupakasi.

Miaka ya nyuma, nikiwa bado mwandishi mchanga, nilimfuata tajiri mmoja kutazama jengo lake la maduka. Alinionyesha ghorofa tatu kwa fahari, nikaandika kila alichosema. Alipoondoka, kijana mmoja wa zege alinivuta pembeni na kuniambia kuwa nguzo za nyuma zilimwagwa na maji mengi mno kwa sababu saruji ilikuwa imepungua na mugagga, yaani tajiri, hakutaka kazi isimame. Nikamwuliza kama alimwambia msimamizi. Alinitazama kama mtu niliyemwuliza kwa nini hakumpigia simu Rais. "Mimi ni nani?" alisema, akarudi kwenye karai lake. Na mimi nilifanya nini? Niliandika habari ya ghorofa tatu. Mhariri aliipenda. Jengo lingali limesimama na wapangaji wamo, nami kila nipitapo hapo huvuka upande wa pili wa barabara.

Kwa nini mfanyabiashara wa Mombasa au Bukavu ajali

Huenda msomaji wetu aliyeko Mombasa, Mwanza au Bukavu akajiuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu shehena yake huishia katika majengo hayo hayo. Kisenyi na Kikuubo ndiko wanakonunua wachuuzi wa Juba, Goma na Bunia, na ghala nyingi ziko kwenye ghorofa za chini za majengo ambayo juu yake ujenzi bado unaendelea.

Yanamhusu pia kwa sababu ajali moja yaweza kufunga njia nzima ya biashara. Tarehe 8 Mei 2005 meli mbili za Shirika la Reli la Uganda, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana katika Ziwa Victoria. Zilikuwa meli dada, za mwenye mmoja, kwenye ziwa lenye ukubwa wa nchi. Kabalega ilizama. Njia ya mabehewa kati ya Port Bell na Mwanza, ambayo ilikuwa kimbilio la waagizaji kila Mombasa ilipokwama, ikadhoofika kwa zaidi ya miaka kumi. Ni mwaka 2018 tu ndipo shehena ilipoanza tena kuvuka kwa utaratibu. Muda wote huo waliokuwa wakilipa tofauti ya nauli ya barabarani ni waagizaji, na mwishoni ni mnunuzi wa sukari na mabati.

Bei ya kufungua kinywa

Wachambuzi wengi huishia kusema kuwa Waafrika wanawaogopa wakubwa. Mimi nilisoma uchumi, na shuleni tulifundishwa kwamba kabla ya kulaumu moyo wa mtu, kwanza tazama hesabu yake.

Tuchukue mfano. Kibarua analipwa shilingi 20,000 kwa siku, jioni, mkononi. Hana mkataba. Kiwango cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 Rais alikataa kuutia saini. Kwa hiyo kinachomlinda kibarua huyu ni uso wake kukubalika asubuhi langoni. Akisema nguzo ina ufa na kazi ikasimamishwa, atakosa 20,000 zake na wenzake 39 watakosa za kwao, na jioni watajua ni nani aliyesababisha. Akinyamaza, huenda jengo lisianguke. Mara nyingi halianguki. Anayesema hulipa leo kwa hakika. Anayenyamaza hulipa siku isiyojulikana, na pengine atakayelipa ni mwingine.

Sasa tazama hesabu ya mwenye jengo. Kusimamisha vibarua 40 kwa siku moja huku akiendelea kuwalipa kungemgharimu shilingi 800,000. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi inasema mfanyakazi akifa kazini, familia yake hulipwa mapato ya miezi 60. Kwa anayefanya kazi siku 25 kwa mwezi, hiyo ni shilingi milioni 30. Maana yake, kifo kimoja kinalingana na siku 37 za kusimamisha eneo zima la ujenzi na kulipa kila mtu. Kwa hesabu hiyo tajiri mwenye akili angesimamisha kazi kila anaposikia kelele ya mti kupasuka. Lakini hesabu hiyo ina sharti moja: fidia ilipwe kweli. Mjane wa kibarua asiye na mkataba, aliyetoka kijiji cha mbali, ambaye hata jina kamili la mwenye jengo halijui, atadai wapi? Anapewa jeneza, usafiri wa maiti na bahasha, na mambo yanakwisha.

Hivyo ukimya wa kibarua si ujinga, wala si woga wa kurithi. Katika soko kama hili ni uamuzi wa mtu anayejua bei.

Nahodha na msaidizi wake

Sitaki kusema kwamba adabu kwa mkubwa haina sehemu yake. Ina sehemu, na mfano mchungu zaidi katika ukanda wetu haukutokea kwenye ujenzi bali angani, mahali ambapo watu wana mikataba na mishahara mizuri.

Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800, iliyotoka Abidjan, iliondoka Douala, Cameroon, kuelekea Nairobi ikiwa na watu 114. Ilianguka kwenye kinamasi muda mfupi tu baada ya kuruka, na hakupona mtu. Ripoti ya wachunguzi wa Cameroon iliyotoka mwaka 2010 ilieleza kuwa nahodha alidhani ameikabidhi ndege kwa mtambo wa kujiendesha, na mtambo haukuwa umewashwa. Ndege ikaanza kulalia kulia taratibu, gizani, bila yeyote kutazama vipimo. Ripoti ilimtaja nahodha kama mtu mwenye tabia ya kuwatawala walio chini yake, na msaidizi wake, kijana wa miaka 23, kama mtu mkimya asiyependa kupingana. Kazi ya msaidizi ni kuthibitisha kila amri ya nahodha kwa sauti. Nahodha alitamka amri, na hakuna aliyeithibitisha.

Kijana yule hakuogopa kukosa 20,000 za siku. Alikuwa na cheo na leseni. Hapa nakiri kwamba hesabu yangu ya uchumi haitoshi peke yake.

Lakini wapo wanaochukua mfano kama huo na kuhitimisha kuwa ugonjwa umo katika damu yetu: mwanamke wa Buganda hupiga magoti kusalimu, kijana humwita bosi wake "mukama wange", bwana wangu, kwa hiyo hatutasema kamwe. Siafiki. Panda taksi yoyote, yale mabasi madogo meupe, kutoka Old Park kwenda Ntinda. Dereva akikimbiza kidogo, mama yule yule aliyepiga magoti asubuhi atapaza sauti: "Mpola, ssebo!" Polepole, bwana. Abiria wote watamuunga mkono na dereva atapunguza mwendo, au atajibu matusi na kupunguza hivyo hivyo. Ujasiri huo ametoa wapi? Pale yeye ndiye mlipaji.

Au tazama magari yenyewe. Taksi hizo nyingi ni Toyota zilizotumika, zilizoshushwa Mombasa na kupitia Malaba. Katika viwanda vya Toyota nchini Japani, mfanyakazi wa kawaida kabisa huvuta kamba anapoona kasoro, kiongozi wa kundi humwendea papo hapo, na tatizo lisipotatuliwa mstari mzima husimama. Wajapani ni watu wa kuinama mbele ya wakubwa kuliko sisi. Hawakuiondoa heshima kiwandani. Waliweka utaratibu ambao ndani yake kuvuta kamba ndiyo utii.

Watu wa pwani wana msemo kwamba mkubwa ni jaa, yaani kila takataka za wadogo hutupwa kwake naye huzipokea. Katika ofisi nyingi nilizoingia Kampala, mkubwa ni zulia: wote wamevua viatu mlangoni ili wasilichafue. Karani anayepeleka habari mbaya huanza kwa kuomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyeutengeneza ufa.

Sheria ipo, na ina tundu

Uganda haikosi sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na kamati ya usalama, inamlazimu kutoa vifaa vya kujikinga bila malipo, na inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari. Kenya ilipitisha yake mwaka 2007, nayo inasema mwajiri asimrudishe mfanyakazi kwenye hatari aliyoiripoti hadi irekebishwe. Tanzania ilitangulia mwaka 2003. Kwenye karatasi Afrika Mashariki iko vizuri.

Tundu ni kwamba sheria hizi humkataza mwajiri kumwadhibu aliyesema, na kibarua wa siku haadhibiwi. Haitwi tu kesho. Hakuna barua ya kumfukuza, kwa hiyo hakuna ushahidi, na msimamizi akiulizwa atasema kazi zilipungua.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kuona likizungumzwa. Mwaka 2010 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Humo mtu anayefichua ubadhirifu aweza kulipwa asilimia 5 ya fedha zitakazorudishwa. Ni wazo zuri, na ni la kiuchumi. Lakini fikiria makarani wawili katika ofisi moja. Wa kwanza anafichua kwamba bosi ameiba bilioni. Fedha zikirudi, anapata sehemu yake. Wa pili anafichua kwamba ukuta utaanguka. Ukuta unavunjwa salama, hakuna aliyekufa, hakuna fedha iliyorudishwa. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Isitoshe wenzake watasema alipiga kelele bure, kwa kuwa hakuna kilichotokea.

Kuhusu kufukuza wakubwa baada ya maafa, naona faida yake ni ndogo kuliko wananchi wanavyodhani. Anayebaki hujifunza, lakini hujifunza nini? Hujifunza kuandika barua. Ofisi inajaa barua zenye "nakala kwa" watu sita, kila mmoja akihakikisha kuwa siku ya uchunguzi jalada lake litaonyesha alionya. Barua hailizuii lori. Nani mwenye mamlaka ya kufunga lango siku hiyo hiyo, bila kusubiri kikao, na kuulizwa maswali baadaye? Ukiuliza swali hilo katika ghala, kiwanda au ofisi ya umma hapa mjini, utajibiwa kwa jina la mtu ambaye hayupo.

Tunakoelekea

Jambo hili litakuwa zito zaidi miaka ijayo, maana Uganda inaingia kwenye mafuta. Bomba la mafuta ghafi kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na kampuni za usafirishaji, za ujenzi na za ulinzi za Kampala zimekuwa zikigombea kandarasi zake. TotalEnergies, mshirika mkubwa wa mradi, huwapa wafanyakazi wake na wa wakandarasi kadi inayomruhusu yeyote kusimamisha kazi anapoona hatari. Kadi ni jambo jema. Lakini itakapofika kwa kibarua wa mkandarasi mdogo wa mkandarasi mdogo, swali litakuwa lile lile la jioni: siku iliyosimama italipwa na nani? Kampuni ya Kampala itakayoandika katika mikataba yake kwamba siku iliyosimamishwa kwa sababu ya usalama hulipwa kamili itakuwa imenunua kitu ambacho kofia na buti haviwezi kununua. Kwa mfano wetu wa juu, kitu hicho ni shilingi 800,000.

Nao wenye shehena wana nguvu wasiyoitumia. Anayekodi ghala huuliza bei kwa mwezi, ulinzi na umbali kutoka barabarani. Sijakutana na mpangaji aliyeomba kuzungumza na mpakuzi wa zamu bila mwenye ghala kuwapo. Dakika kumi zingetosha kujua ni upande gani wa jengo ambao wapakuzi hawapangi magunia, na kwa nini.

Hata katika malori, ambako wengi wa wasomaji wetu wanapata riziki, hali ni hiyo. Dereva mmoja niliyemkuta Malaba akisubiri karatasi alinisimulia safari yake. Alipofika Tororo na kontena, aliona breki za tela zinashika vibaya. Akampigia simu bosi. Siku moja gereji ni siku moja ya kuchelewesha kontena, na kontena likichelewa kurudi bandarini kuna faini ya kampuni ya meli. Bosi hakukasirika wala kumtisha. Alimwambia tu, kwa upole, "Njoo nalo polepole."

Alilileta polepole. Alivuka Jinja, akapita Mabira gia ya chini, malori ya nyuma yakimpigia honi kutwa nzima, akaingia Kampala usiku mkono wake ukitetemeka kwenye usukani. Asubuhi bosi alikuja uwanjani, akalizunguka lori, akacheka na kumpiga begani. "Si nilikwambia?"